Baba Aliyesamehewa

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum. Mada niliyopewa jioni hii ni taswira ya mwanamke katika hekaya, nami kwa idhini yenu nitaanza na mwanamume, yaani baba wa nyumba.

Tumezoea kumlalamikia binti anayelala akimsubiri mwana wa mfalme, na malalamiko hayo ni ya haki, ila yamesemwa mno. Linalonishughulisha ni mama wa kambo. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha mkusanyiko wao wa hekaya mwaka 1812, katika kisa cha Snow White aliyetaka binti huyo mweupe kama theluji auawe alikuwa mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 mama huyo anafariki mwanzoni mwa kisa, na uovu wote unahamishiwa kwa mke wa pili. Heshima ya uzazi ikalindwa kwa kumtwika lawama mwanamke mwingine, baba hakuguswa.

Mtazameni Cinderella, binti anayetumikishwa na mama wa kambo, kisha akatafutwa na mwana wa mfalme kwa kiatu alichokiacha nyuma. Katika masimulizi ya ndugu hao baba yu hai, yumo nyumbani, na mwana wa mfalme anapouliza kama yupo binti mwingine wa kujaribu kiatu, ni yeye anayejibu kwamba hapana, ila kuna kasichana ka jikoni kalikodumaa, alikokaacha marehemu mkewe, ambako hakawezi kuwa bibi arusi. Hasemi "binti yangu". Mwishowe dada wa kambo wanadonolewa macho na njiwa, naye baba hapati hata karipio.

Hapa Mombasa, ambako kulelewa na mke mwingine wa baba si ajabu, visa vya namna hii husikilizwa na watoto wanaoishi naye. Anayeamka alfajiri kumchemshia chai mtoto wa mwenziwe na kumfunga ushungi aende chuoni kusoma Kurani, anakuta hukumu yake imeshapitishwa. Na wasimulizi aghalabu ni nyanya zetu wenyewe, jambo linaloniumiza kichwa kuliko yote niliyoyataja.

Nitaambiwa kwamba mashujaa wa kike wapo, kwani Gretel, msichana wa hekaya nyingine ya ndugu hao, alimsukuma mchawi tanurini akamwokoa kakake. Naam, nakubali, na msichana huyo nampenda. Lakini ujasiri wake wote unamshukia kizee wa kike, kisha anabeba vito vya kizee huyo na kumpelekea baba aliyekubali yeye na kakake waachwe msituni wafe njaa.