Kutafuta chanzo cha usomaji wa mizunguko ya injini unaorukaruka

Ndugu mtazamaji, angalia mstari mwekundu kwenye skrini. Hii ni mizunguko ya injini ya 1NZ-FE, ile iliyozoeleka kwenye Toyota Probox, iliyonaswa mara kumi kwa sekunde gari likiwa gia ya tatu. Mstari umetulia kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, ghafla unaruka hadi 6,800, na katika kipimo kinachofuata umekwisha kurudi ulikotoka. Gari likiwa ndani ya gia, injini haiwezi kupanda na kushuka hivyo, kwa hiyo kinachokosea ni kipimo.

Kabla ya kugusa waya wowote, chunguza umbo la kosa. Usomaji uliotulia lakini ukawa nusu ya ule wa dashibodi, au mara mbili yake, unatokana na mpangilio wa kinasa data, yaani kifaa ulichofunga kurekodi vipimo vya gari. Miruko ya juu isiyo na utaratibu huletwa na kelele za umeme, na kuanguka hadi sifuri huashiria waya uliolegea au ishara dhaifu.

Sasa tafuta mwamuzi. Chomeka kifaa cha OBD, kile kinachosoma vipimo kutoka kompyuta ya gari, kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, uombe mizunguko na mwendo peke yake, kwa kuwa kila kipimo unachoongeza husubiri zamu yake na mstari huanza kupanda kwa ngazi. Mizunguko ya OBD ikitulia huku ya kinasa ikiruka, tatizo liko kwenye waya wako. Zote mbili zikiruka, pamoja na mshale wa dashibodi, kagua sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini), soketi yake na meno inayoyasoma.

Tuanze na mpangilio. Injini hii ina silinda nne, kila moja na koili yake ya kutengeneza cheche, na kila koili huwasha mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, koili moja hupokea mapigo 1,500 tu, na kinasa lazima kiambiwe kwamba mzunguko mmoja ni nusu ya pigo. Ukikipangia pigo moja, kitakuonyesha 1,500. Magari ya zamani ya silinda nne yenye koili moja na disitribyuta, inayogawa cheche kwa kila silinda, hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, ndiyo maana mpangilio ulionakiliwa kutoka gari jingine hupotosha.

Sehemu inayohitaji uvumilivu zaidi ni kelele. Chukua ishara kwenye waya wa IGT, yaani waya wa amri ya kuwasha, unaotoka kontroboksi (kompyuta ya injini) kwenda koili, kwa kuwa unabeba volti chache tu. Upande hasi wa koili ya zamani hutoa mruko wa mamia ya volti, unaoweza kuhesabika kama mapigo kadhaa na hata kuharibu kinasa kisichotengenezwa kwa ajili hiyo. Tumia waya wenye ngao, uifunge ngao hiyo kwenye bodi upande mmoja tu, upitishe mbali na koili na altaneta, na pale unapolazimika kukutana na nyaya nyingine, upitishe juu yake kwa pembe mraba. Hakikisha pia plagi ni za aina yenye ukinzani. Nakusihi usiunge waya wako kwenye sensa ya krenki: kwenye injini hii sensa hiyo huzalisha ishara yake yenyewe, ambayo ni ndogo sana wakati wa kuwasha, na ukiidhoofisha gari linaweza kukataa kuwaka.

Kichujio cha programu kiache hadi mwisho. Kinalainisha mstari, lakini kinachelewesha pia mabadiliko ya kweli, hasa wakati wa kubadili gia.

Kwa jaribio la mwisho, tafuta barabara tupu, mtu mwingine ashike kompyuta, kisha panda taratibu kutoka 2,000 hadi 4,500 bila kubadili gia. Gawanya mizunguko kwa mwendo: kwenye gari la gia za mkono jibu linapaswa kubaki lile lile, na kwenye otomatiki litayumba kidogo hadi kigeuza nguvu (torque converter, kinachounganisha injini na giaboksi kwa mafuta) kijifunge.