Msitupe Sahani: Bakteria wa Antaktika na Haki ya Kupewa Jina

Asanteni kwa kunikaribisha. Mlionisikiliza mwaka jana mnajua naanzia wapi: naanzia kwenye sahani ya aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, na nitairudia mpaka mnielewe.

Nilikuwa maabara ya ugenini tulipoletewa udongo wa Mabonde Makavu ya McMurdo, kule Antaktika. Ukiushika, ni kama mchanga wa kujengea, hauna hata ile harufu ya ardhi. Tuliupanda kwenye aga ya R2A, yenye chakula kiduchu, maana kijidudu kilichozoea njaa ukikimwagia supu nzito hakioti. Tukaweka sahani kwenye nyuzi 10. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, vidoa vyeupe vichache, jamaa tunaowajua. Mwenzetu mmoja akaona rafu imejaa, akakusanya rundo lote akalipeleka kuchemshwa kwa mvuke. Zilisalia sahani tatu zilizojificha nyuma ya chupa.

Siku ya 41 nikaziona tena. Vidoa vya waridi, kila kimoja kama kichwa cha pini. Nilipokigusa kimoja kwa kitanzi cha waya kikavutika kama mlenda. Waliosoma watasema: Hymenobacter, ile jenasi, yaani kundi la spishi za karibu! Ndiyo. Mabonde hayohayo ndiyo yaliyotoa Hymenobacter roseosalivarius, aliyeelezwa mwaka 1998, na jina lake linataja uwaridi na utelezi huo.

Tukasoma jeni ya 16S, ile tunayoitumia kulinganisha undugu wa bakteria, herufi kama 1,500. Mfanano na ndugu yake wa karibu ukavuka kidogo 98.7 kwa mia. Wenzangu wakakunja jamvi: si mpya, tuendelee. Hapo ndipo ninapokosa subira, ndugu zangu! Kipimo hicho ni cha mlangoni tu. Ukiwa chini yake, una spishi mpya karibu bila shaka. Ukiwa juu yake, bado hujui kitu. Tulipolinganisha jenomu, yaani DNA yake yote, nzima kwa nzima, wastani wa mfanano ukaanguka chini kabisa ya 95, na mpaka wa spishi ni 95 hadi 96. Alikuwa mpya.

Na jina lake ni nani? Hana. Tulimweka kwenye friza moja tu, tukisubiri kumaliza vipimo. Friza ikaharibika mwisho wa juma, Jumatatu tukakuta maji. Tulipomwotesha upya, hakuota. Tangu Januari 2001 kanuni ya kuwapa bakteria majina inataka kielelezo kilicho hai, yaani mfano rasmi wa spishi, kiwekwe katika benki mbili za vijidudu, nchi mbili tofauti. Watu huiona ni urasimu. Mimi nimeishika ile chupa yenye maji, sioni urasimu wowote.

Najua kijana mmoja hapo nyuma anasema moyoni: mama, jenomu si unayo kwenye kompyuta? Ninayo. Na tangu 2022 kuna mfumo mwingine wa kutoa majina, SeqCode, unaokubali jenomu iwe ndiyo kielelezo. Siupingi. Kule Robinson Ridge, mashariki mwa Antaktika, watafiti walionyesha mwaka 2017 kwamba bakteria wa udongo wanaishi kwa kula hidrojeni na monoksidi ya kaboni iliyomo hewani, na wengi wao hakuna mtu aliyewahi kuwaotesha. Tuwaache bila jina mpaka lini? Lakini jenomu haikuambii kijidudu kinakufa kwenye nyuzi ngapi, wala kinavumilia chumvi kiasi gani. Tena sehemu kubwa ya jeni zake hakuna ajuaye kazi yake. Anayeweza kumwotesha halafu akaishia kwenye kompyuta kwa sababu ya haraka, huyo sikubaliani naye.

Nilitaka pia kusema juu ya mafuta ya utando wa seli, yanavyobaki laini kwenye baridi, na jinsi tunavyoyatumia kutenganisha jenasi. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hayo mtayapata kwenye kitini. La majina ya Kilatini nalo: msijitungie peke yenu, tafuteni mtu anayejua sarufi yake kabla ya kupeleka makala, maana jina likishachapishwa kulirekebisha ni kazi.

Na wale wa mwaka wa tatu: sahani zangu ziko rafu ya chini, chumba cha baridi, zimeandikwa tarehe kwa wino mwekundu. Leo ni siku ya 26. Rafu ikijaa, niiteni kwanza.