Kahawa Ikiwa Bado Maua

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana wa mizani mliojibanza huko nyuma, habari za mchana. Nimeambiwa niongee juu ya kampuni na wajibu wao kwa jamii, sawa, lakini hayo mambo siwezi kuyaongea bila kuanza na dhambi zangu, maana kabla ya kushika hii maiki nilikuwa dalali wa kahawa hapa hapa Kasese, na nilinunua maua.

Mnacheka, mnaijua. Februari shule zinafunguliwa, mzazi hana ada, we unafika na pesa kidogo mfukoni, mnapatana kahawa ikiwa bado maua, ikiiva ni yako hata bei ikipanda mara mbili. Karatasi hakuna, ni mdomo tu. Nilijiambia nasaidia watu. Mzigo nampelekea tajiri wa stoo, yeye kwa mkoboaji, mkoboaji kwa eksipota Kampala, alafu meli Mombasa, huyo Italia au Ujerumani, na kule kwa pakiti wanaweka picha ya mkulima anatabasamu. Uliza yeyote hapo katikati habari ya maua, atasema hajui. Na kweli hajui, hakuuliza, kuuliza kungemgharimu.

2013 jengo la Rana Plaza lilivyoanguka Bangladesh, likaua watu zaidi ya 1,100 waliokuwa wanashona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani, kuna kampuni zilisema hazikujua nguo zao zinashonwa pale. Lebo zao ziliokotwa kwenye kifusi.

Sasa Ulaya wana sheria ya misitu ya 2023, kahawa isitoke shamba lililofyekwa msituni baada ya 31 Desemba 2020, na kila shamba lipimwe kwa GPS. Wameahirisha, wakaahirisha tena, lakini inakuja. Mi sina ugomvi na msitu jamani, Mei ya mwaka huo huo 2013 tuliona hapa mto Nyamwamba ukifurika unafanya nini milima ikivuliwa nguo. Ugomvi wangu ni kwamba sheria inaibana kampuni inayoingiza mzigo Ulaya, kampuni inamsukumia eksipota, eksipota anatusukumia sisi, mwisho inamkalia mama mwenye ekari moja huko mlimani, ndo apoteze siku nzima na kijana wa simu anayekuja kupima shamba, na kwa kilo hajaongezewa hata shilingi. Alafu hizo alama za shamba anabaki nazo nani? Nimeona mahali eksipota amepima mashamba yote, akakaa na data, mkulima akitaka kuuza kwa mwingine anaambiwa hujasajiliwa. Si maua yale yale, safari hii kwa simu?

Kwa hiyo viongozi wa vyama vya ushirika, kijana wa simu akija msimfukuze, mpeni kiti, chai kama ipo, alafu muulizeni nakala inabaki kwa chama ama inaondoka naye, na hiyo siku ya mama inalipwa na nani. Na muulizeni kampuni yake inaweza kukopesha ada kabla maua hayajatoka. Kwa sababu mimi, na ubaya wangu wote, nilikuwa nafika Februari. Wakaguzi wa vyeti vya kahawa nawaonaga wakati wa mavuno.