Tukifungwa Vibaya, Tuanzie Katikati

Asanteni. Wazee, shikamooni. Akina mama, makocha wenzangu, na nyie vijana mlioketi nyuma kabisa karibu na sambusa, nimewaona.

Nimeombwa nizungumzie namna timu ya futi, huu mpira wa Australia, inavyoweza kujiinua baada ya kufungwa vibaya. Jumapili tulipopigwa mlikuwepo, kwa hiyo sitasimulia. Wanaonifahamu wanajua pia nitakachosema, maana nimekisema kwenye vikao, nimekisema njiani tukienda mazoezini, nimekisema hata msibani mpaka mke wangu akanikanyaga mguu. Nakirudia. Timu inayofungwa kwa tofauti ya alama mia haikuzidiwa kila pembe ya uwanja. Imezidiwa mahali pamoja, pale katikati, na imezidiwa hapo tena na tena bila mtu kushtuka.

Wengi wetu hapa Melbourne tumekuja na soka kichwani, na soka inatudanganya. Kwenye soka ukifungwa, mpira unawekwa kati na unaanza wewe uliyefungwa. Unapumua, unapanga, walau unagusa mpira. Futi haina huruma hiyo. Goli likiingia, mwamuzi anaurudisha mpira katikati, unapanda juu, wale warefu wawili, maraki, wanaurukia, na aliyeupata kaupata. Aliyefunga sasa hivi ana haki sawasawa na aliyefungwa. Raki wao akimshinda wetu, na viungo wao wakaokota kila kinachodondoka, watafunga, watarudi, watafunga, watarudi, na beki wetu wa pembeni atamaliza robo nzima hajui mpira una rangi gani. Tena tangu 2019 huwezi hata kuwarundika watu nyuma. Kila mpira wa katikati unapoanza, lazima sita wawe kule mbele, sita nyuma na sita kati, na kati ya hao ni wanne tu wa kila timu wanaoruhusiwa ndani ya mraba wa katikati. Mpira ukichomoka pale kwa mguu wa adui, beki wako anabaki na mtu wake na nafasi tupu kama uwanja wa ndege.

Mlioko pembeni mnapiga kelele "Mabeki! Mabeki wamelala!" Mabeki hawajalala. Mabeki wanalipia deni walilokopa wengine.

Sasa twende Geelong, tarehe 30 Julai 2011. Najua, Mzee, umeshaisikia hii. Wapo wageni.

Siku hiyo Geelong walikuwa nyumbani wakicheza na Melbourne, klabu iliyoanzishwa 1858, mojawapo ya klabu kongwe kabisa za mpira duniani. Geelong walifunga magoli 37, kila goli alama sita, na alama 11 za pembeni, zile za moja moja, jumla 233. Melbourne walifunga magoli 7 na alama 5, jumla 47. Tofauti 186. Katika historia yote ya ligi kuu kuna kipigo kimoja tu kinachozidi hicho, cha 190, Fitzroy walipoua mwaka 1979. Walimuua nani? Melbourne hao hao. Kuna klabu zina bahati zake.

Hebu tufanye hesabu ya dukani. Magoli 37 na 7 ni 44. Maana yake mpira ulirudi katikati zaidi ya mara arobaini. Zaidi ya mara arobaini Melbourne walipewa nafasi ya kuanza upya, sawa kwa sawa, na karibu kila mara nafasi ile ikawaponyoka. Mtu akikuambia kipigo kile kilikuwa cha ajabu, mwambie hakikuwa na ajabu yoyote, lilikuwa tatizo moja lililoachwa lijirudie.

Wakafanyaje? Kesho yake tu wakamfukuza kocha, marehemu Dean Bailey. Watu wakaridhika kwamba hatua imechukuliwa. Akaja kocha mwingine, mkali, mambo ya nidhamu na jasho. Mwanzoni mwa msimu wa 2013 wakakutana na Essendon: 184 kwa 36. Tofauti 148. Mwezi Juni naye akaondolewa, na mwaka ule walishinda mechi mbili tu. Jahazi likitoboka, kumbadilisha nahodha hakuzuii maji. Kwanza tundu lizibwe, manahodha tutawajadili nchi kavu.

Aliyekuja kuziba ni Paul Roos, kuanzia msimu wa 2014. Huyu ndiye aliyewapa Sydney ubingwa wa 2005 kwa fainali ya alama 58 kwa 54 dhidi ya West Coast. Ndiyo, 58! Timu zetu za vijana hufunga zaidi ya hapo na bado zinapigwa. Lakini klabu ile ilikuwa haijaonja ubingwa tangu 1933, wakati bado inaitwa South Melbourne, na sijakutana na shabiki wao anayelalamika kwamba ile fainali haikuwa na magoli.

Roos alipofika Melbourne alianza na swali moja: tunawezaje kufungwa kidogo zaidi? Mwaka 2014 timu yake ilifunga alama chache kuliko hata ule mwaka wa balaa uliotangulia, lakini ilizofungwa zilipungua kwa mamia. Mchezo ulichosha kuutazama, nakubali, mimi mwenyewe nilisinzia. Ushindi ukatoka mechi 2 kwenda 4, mwaka uliofuata 7, uliofuata 10. Kisha akamwachia Simon Goodwin.

Hapa sasa wale vijana wa nyuma wanisikilize, wekeni sambusa chini. Mwaka 2017, Melbourne hii ilishinda mechi 12 na kupoteza 10. West Coast nao 12 na 10. Nafasi ya kuingia michezo ya mtoano imebaki moja. Ligi inawatenganisha vipi? Inachukua alama ulizofunga, inagawa kwa ulizofungwa, inazidisha kwa mia. West Coast 105.7. Melbourne 105.2. Melbourne wakaenda likizo. Nusu ya asilimia, kwa msimu mzima, ni kama magoli mawili. Magoli mawili! Pengine waliyapoteza mwezi wa tano, kwenye mechi waliyokwisha kukubali kwamba wamepoteza, wakati mtu fulani alitembea badala ya kukimbia.

Jumapili nimewaona waliotembea robo ya nne. Sitataja majina, mama zao wapo.

Najua mzazi mmoja atasema: mechi imeshaharibika, watoto wamechoka, wakimbie kwa sababu gani? Kwa sababu hiyo. Futi inahesabu kila alama hata ukiwa umekufa. Kwangu mimi dakika tano za mwisho za mechi uliyopoteza ndizo mazoezi bora kuliko yote ya Jumanne, maana huwezi kuigiza uchovu ule.

Hadithi nimalize. Septemba 2021, fainali kuu ilihamishiwa Perth kwa ajili ya korona. Melbourne na Western Bulldogs. Robo ya tatu Melbourne wako nyuma kwa alama 19. Halafu katikati pakafunguka. Max Gawn, nahodha na raki, kijana ambaye mwaka ule wa 186 alikuwa tayari kwenye orodha ya klabu, Clayton Oliver, Christian Petracca, aliyetoka na medali ya mchezaji bora wa fainali. Dakika za mwisho za robo ile magoli yalifuatana kutoka katikati kabla watangazaji hawajamaliza kulitaja la kwanza. Kuanzia pale nyuma kwa 19, Melbourne walifunga alama 100, Bulldogs 7. Mwisho 140 kwa 66. Ubingwa wa kwanza tangu 1964. Kile kile kilichowazika kule Geelong ndicho walichokuja kuwazikia wengine.

"Kocha, hao wanalipwa, sisi tuna watoto wa shule." Nimeisikia hiyo tangu nashika filimbi. Haya, nikupe ya watoto wa shule. Wakitufunga magoli mawili mfululizo, raki wetu aache kutafuta pigo la kupendeza. Kazi yake ni kuhakikisha mwenzake naye hapati pigo safi. Mpira udondoke miguuni, watu waurundikie, mwamuzi apulize, tuanze upya. Haipendezi, lakini saa inakimbia na wao hawafungi. Wale wawili wa pembeni wasimame upande wa goli letu, wasisimame upande wanaotamani kukimbilia. Na mpira ukitupotea, hatua tatu za kwanza za kila mchezaji ziwe za kurudi. Hatua tatu tu, hata mtoto mvivu anazo. Akishageuza mwili, miguu itamalizia.

Lingine, ambalo wazazi waliokulia soka hawalioni: huwezi kuzuia kila shuti, ila unaweza kuchagua lipigwe kutoka wapi. Wasukumeni kwenye mstari wa pembeni. Mpira ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi ni alama moja kwao, badala ya sita, na unaofuata ni wetu, tunaupiga sisi kutoka golini. Yaani alama moja inakurudishia mpira, goli linakurudisha kwenye bahati nasibu ya katikati. Kwa hiyo nikipiga makofi wenzetu wanapopata alama moja, msinitazame kama nimechanganyikiwa.

Na mtu akimwambia mwanao kwamba beki ni nafasi ya wasiojua mpira, mwonyeshe Aliir Aliir. Amezaliwa Kakuma, kambini, kule Turkana, kwa wazazi kutoka Sudan. Mpira huu amekuja kuukuta huku akiwa amechelewa, wakati wenzake wameushika tangu utotoni. Alianza Sydney, akaenda Port Adelaide, na 2021 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima. Kazi yake nini? Kusoma mpira unakoangukia na kuudaka kabla haujamfikia aliyekusudiwa. Anakatiza. Basi. Hapigi chenga za video.

Nimeambiwa nimebakiwa na dakika chache. Aliyeniambia ni yule yule aliyechelewesha kikao kwa sababu ya spika.

Kukaripia. Richmond, mwisho wa msimu wa 2016, walipigwa na Sydney kwa tofauti ya 113 na kumaliza nafasi ya 13. Kelele za kumtaka kocha Damien Hardwick aondoke zilikuwa nyingi. Rais wa klabu, Peggy O'Neal, na wenzake wakambakiza, wakabadilisha waliomzunguka na namna ya kufanya kazi. Wachezaji wakawa wanasimama mbele ya wenzao na kueleza maisha yao, magumu waliyopitia, watu wanaowaheshimu. Hata 2017 yenyewe St Kilda waliwapiga kwa 67 katikati ya msimu, na hakuna aliyetupa kiti. Septemba ile wakawafunga Adelaide 108 kwa 60, ubingwa wa kwanza tangu 1980. Kwa hiyo baba unayemsubiri mtoto garini na hotuba tayari, mpe maji, washa gari, nyamaza. Akitaka kusema atasema.

Sydney 2024: Agosti walipigwa na Port Adelaide 148 kwa 36. Wiki saba baadaye, nusu fainali, timu zile zile, Sydney wakashinda kwa tofauti ya 36. Ningependa kueleza walibadilisha nini lakini muda hakuna. Na msinikumbushe fainali ya wiki iliyofuata na Brisbane. Nimesema msinikumbushe.

Nilikuwa na ukurasa mzima kuhusu usingizi, kuhusu simu usiku, kuhusu chapati tano asubuhi ya mechi. Mama Neema ananitazama vibaya, tuuache.

Jumanne basi. Hatutakimbia mizunguko ya adhabu, kocha msaidizi ameshalia nami kuhusu hilo na jibu ni hapana. Tutachora mraba, wanne kwa wanne, mpira juu, nusu dakika, tunaanza tena, mpaka giza. Mabeki na mafowadi wote wataingia mle ndani kwa zamu, ili kila mtu ajue deni linakokopewa. Mzazi mwenye dakika ishirini aje atusaidie kuokota mipira.

Maswali. Atakayeuliza kuhusu mwamuzi wa Jumapili, huyo ndiye atakayebaki kukusanya koni.