Lipstiki: Fomula ni Jambo Moja, Mwonekano ni Jambo Jingine

Karibuni tena warembo wangu, na karibu na wewe kaka uliyetumwa ukanunue lipstiki ukabaki umesimama mbele ya rafu hujui ushike ipi. Leo mezani nimepanga lipstiki zote za rangi moja, nyekundu, na nimefanya hivyo makusudi. Zikiwa rangi tofauti jicho linakimbilia rangi, na leo rangi si mada.

Mada ni maswali mawili ambayo watu wengi huyafanya moja. La kwanza: hii lipstiki imetengenezwa kwa nini na nini? Hiyo ndiyo fomula. La pili: ikishakaa mdomoni, mwanga ukiipiga inaonekanaje? Huo ndio mwonekano: kuna unaong'aa, na kuna usiong'aa, yaani mati. Utamsikia mtu, "Mimi na mati hatupatani, zinanikausha." Muulize alipaka ipi, utakuta ni ile ya maji, ya chupa na brashi, inayokauka na kukamata. Basi kilichomkausha ni fomula, wala si mati. Angepewa mati ya kijiti, yenye nta na mafuta yake, huenda angeivaa mchana kutwa bila kulalamika.

Haya, hatua ya kwanza. Futa mkono sehemu ya ndani, karibu na kiwiko, pasiwe na losheni. Chora mistari mitano: kijiti cha krimu, kijiti cha mati, lipstiki ya maji ya mati, glosi, na mwisho tinti. Usipake nene. Mstari mmoja, basi.

Mdogo wangu, sogeza kamera... siyo huko, huku. Mnaona glosi imekuwa nyeupe? Taa inaipiga moja kwa moja. Shusha taa kidogo. Tena. Hapo hapo. Lakini ngoja, hili lililotusumbua ndilo nililotaka kuwafundisha. Glosi uso wake ni laini kabisa, mwanga ukifika unarudishwa upande mmoja, ndiyo maana kamera imeona weupe. Mati uso wake una chembechembe za unga, silika au kaolini, zinazoutawanya mwanga kila upande. Kwa hiyo taa ile ile, mkono ule ule, mati haijameta hata kidogo. Na ndiyo maana glosi huufanya mdomo uonekane umejaa, na mati huufanya uonekane mdogo kidogo na kuonyesha kila ufa ulionao.

Zungusheni mikono yenu taratibu mbele ya dirisha mtaona daraja zote. Krimu inang'aa kwa upole. Satini inang'aa kidogo zaidi, mng'ao wa unyevu. Mahameli inakaribia mati ila haijafa kabisa, na kwangu mimi hiyo ndiyo malkia, sitaki ubishi. Kuna za metali na za kumeremeta, hizo zimewekwa maika, madini yanayopasuka vipande vyembamba mno, kila kipande kinarudisha mwanga kivyake. Halafu kuna nyepesi, zile ambazo ukipaka mdomo wako unaonekana chini yake. Hiyo rangi yake ni haba, si kwamba umeuziwa feki.

Sasa ndani ya kijiti kuna nini? Nta, mafuta, rangi. Nta ndiyo inayokifanya kisimame. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, huvuka nyuzi 80. Mtengenezaji anazichanganya ili kijiti kisivunjike kwenye baridi wala kulala chini kwenye joto. Mafuta mara nyingi ni ya nyonyo, kwa sababu ni mazito na yanaibeba rangi vizuri. Ukiongeza mafuta unapata krimu, ukipunguza mafuta na kuongeza unga unapata mati. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Eh! Sogeza kamera hapa. Mnaona vitone juu ya kijiti hiki? Kimetoa jasho. Ni joto la taa zetu hizi, mafuta yamepanda juu. Watu wakiona hivi wanadhani imeoza, wanatupa. Usitupe. Gusisha tishu taratibu, iweke mahali penye ubaridi, itatulia. Ukinusa ukakuta harufu ya mafuta yaliyochacha, hapo tupa, na usimpe mtu.

Ya maji ni hadithi nyingine kabisa. Chukua boksi lake, geuza nyuma. Kiambato kilichotangulia ndicho kilicho kingi, na kwenye nyingi za mati utaona "Isododecane". Hicho ni kiyeyushi kinachoruka hewani. Kinaibeba rangi hadi mdomoni, kinaondoka, kinaacha utando wa rangi na silikoni umeshika ngozi. Ni kama rangi ya kucha: ikiwa mbichi unaitengeneza, ikishakauka imekwisha, usiiguse. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia mdomoni, tena sana.

Ukigeuza boksi ukakuta mwanzoni "Ricinus Communis", hayo ndiyo mafuta ya nyonyo, ujue hiyo haitakauka kabisa, hata kama imeandikwa mati. Ukikuta "Polybutene" juu juu, hiyo ni glosi na itanata. Upepo ukivuma nywele zote zitahamia mdomoni. Na kwa wasiotaka kitu cha mnyama, angalieni kama kuna namba ya rangi CI 75470. Hiyo ni nyekundu inayotoka kwa wadudu wadogo wa kochinili. Ni rangi nzuri ajabu, lakini una haki ya kujua.

Tinti, huu mstari wa mwisho, rangi yake inaingia kwenye ngozi badala ya kukaa juu yake. Ukoo wake mmoja ni zile lipstiki za kijani zinazogeuka waridi mdomoni. Wanaouza wanasema inasoma hisia zako. Jamani! Ndani kuna rangi inayobadilika ikikutana na unyevu wa ngozi, mara nyingi CI 45410. Uwe na furaha, uwe umenuna, itakuwa waridi tu.

Hatua ya pili, tishu. Mistari imekaa kiasi? Bandika tishu juu ya yote mitano, bonyeza, inua. Krimu imeacha alama nzima. Mati ya kijiti, nusu. Glosi, hata tishu imegoma kutoka. Ya maji, karibu hakuna kitu. Tinti, kidogo. Hapa ndipo mwonekano unapokosa la kusema: mati mbili hizi kwa macho ni mapacha, kwenye tishu hazijuani. Mwenye kikombe cheupe mkononi anatafuta fomula, hatafuti mati. Na hamu hii ya rangi isiyobaki kwenye vikombe na mashavu ya watu ni ya zamani. Hazel Bishop, mkemia wa Marekani, aliingiza sokoni lipstiki yake isiyofutika mwaka 1950.

Sasa mdomoni. Kusugua ngozi iliyokufa mnajua, kupaka mafuta ya mdomo mnajua, naruka. Ila nayafuta. Nimesema nayafuta! Ya maji haikai juu ya mafuta, itavunjikavunjika. Ukipaka krimu au glosi unaweza kuacha kidogo, hazijali.

Penseli ya mdomo. Hii ina nta nyingi kuliko kijiti, kwa hiyo inashika na kuzuia rangi isitambae nje ya mpaka. Hizi penseli nauza mimi mwenyewe, kwa hiyo nikizisifu mpunguze nusu. Ukipaka glosi au krimu, penseli ni lazima. Kwa ya maji si lazima, inajizuia yenyewe. Kwa kijiti cha mati, mimi napaka mdomo mzima penseli kwanza, ndipo kijiti juu. Inakaa zaidi, na ikianza kuliwa katikati chini kuna rangi.

Haya, ya maji. Sogeeni. Hapa ndipo video hii ilipo, na hapa ndipo wengi wanaharibu.

Futa brashi kwenye shingo ya chupa, pande zote mbili. Kingi ni adui. Anza katikati ya mdomo wa chini, vuta kwenda pembeni. Halafu wa juu: chora upinde wa katikati, shuka pembeni. Pembe za ndani kabisa, pale mate yanapofika, wacha bila rangi. Pale haikauki, na isipokauka inakusanyika na kuwa donge jeupe.

Sasa sikilizeni. Usifumbe mdomo. Ile tabia ya kukutanisha midomo, mmm-pwaa, ambayo kwa kijiti cha krimu ni sawa kabisa, hapa usifanye. Utando bado mbichi, ukiukutanisha unaunyofoa wa juu ukabandike kwa wa chini. Usifumbe mdomo hata simu ikilia. Sasa nitaongea bila herufi zinazokutanisha midomo, kwa hiyo msinicheke.

Nasi tunangoja. Tusiguse. Kaa hivi hivi. Ikikauka, utasikia ngozi inavuta kidogo. Usiiloweshe. Usicheke! Dada zangu, tulieni... Haya, gusa kwa kidole. Hakuna rangi kidoleni? Sasa tayari.

Mmm! Afadhali. Mdogo wangu amecheka hadi kamera imetikisika, mtanisamehe hapo.

Na mnaona hapa katikati, kamera imekamata kajistari? Ni mkunjo wa ngozi. Kishawishi kinachokuja sasa hivi ni kuongeza tabaka. Usiongeze juu ya iliyokauka. Rudia nyuma video kama hujasikia: usiongeze juu ya iliyokauka. Tabaka la pili litalainisha la kwanza nusunusu, vyote viwe makombo. Kama unataka tabaka mbili, la pili liwe jembamba na liende wakati la kwanza bado lina unyevunyevu. Likishakauka, aidha uliache au ulifute lote uanze upya. Huu mkunjo wangu nauacha. Hakuna atakayeniangalia kwa ukaribu huu isipokuwa ninyi.

Ujanja wa kubadilisha mwonekano bila kununua nyingine, na huu naupenda kuliko yote. Krimu kuwa mati: paka krimu yako, weka tishu ya tabaka moja juu ya mdomo, pitisha poda kwa brashi juu ya tishu. Unga kidogo unapenya, unanyonya mafuta, mng'ao unakufa. Usipake poda moja kwa moja, utaonekana umetoka kula unga. Mati kuwa ya kung'aa: tone la glosi katikati ya mdomo wa chini tu, lisambae lenyewe. Lakini hii ni kwa mati ya kijiti. Ukiweka glosi juu ya ile ya maji, mafuta yake yanaanza kuufungua utando. Kwa picha za dakika tano, sawa. Kwa shughuli ya mchana kutwa, hapana. Na kwa sababu hiyo hiyo, ukila chakula chenye mafuta mengi, ile "isiyotoka kabisa" itatoka, tena itaanzia ndani kuja nje.

Kutoa: mafuta kwanza. Paka, subiri kidogo, futa taratibu. Msisugue kwa maji na sabuni, ngozi ya mdomo ni nyembamba na haina tezi za jasho, haina cha kujifariji nacho. Rangi hafifu itakayobaki ni ya tinti, itaondoka yenyewe.

Jambo la haraka kuhusu vijiti vya kujaribia dukani: jaribu mkononi, usijaribu mdomoni. Virusi vya malengelenge ya mdomo havina adabu.

Na nyuma ya chupa kuna mchoro wa kikopo kilichofunguliwa, ndani kimeandikwa 12M au 24M. Hiyo ni miezi tangu ulipofungua. Ya maji ifunge hadi ikaze, maana kile kiyeyushi kinachoruka mdomoni kinaruka hata kwenye chupa iliyolegea. Hii yangu imeanza kuwa nzito, ndiyo maana mmeniona nafuta brashi mara mbili mbili. Video ijayo ni ya penseli, na hapo nitawaambia ukweli wote, hata kuhusu zile ninazouza.