Hofu Hairidhiki na Jibu

*Mhadhara kwa semina ya akina mama na vijana, ukumbi wa kanisa, Nyakato, Mwanza. Umeandikwa kama ulivyosemwa.*

Bwana Yesu asifiwe. (Ameni.) Asifiwe tena. (Ameni.)

Aliyenitambulisha amenipamba sana, mengine nimeyasikia leo kwa mara ya kwanza. (Kicheko.) Mimi ni nesi mstaafu. Nimefanya kazi miaka mingi wodi ya wagonjwa wa akili, na tangu nistaafu nauza dagaa kidogo pale Mwaloni, Kirumba. Theolojia sikusomea. Nimeombwa niseme mtu aliyeokoka atajuaje kwamba neno lililomjia moyoni limetoka kwa Mungu, na kwamba hili lingine ni wasiwasi wake mwenyewe. Nitasema niliyoyaona wodini na niliyoyapitia magotini, basi.

Naanza na aibu yangu.

Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kisiwa cha Ukara. Humu ndani wapo waliozika. Wiki chache baadaye nilitakiwa kuvuka kwenda Sengerema, msibani. Nikafika gatini Kamanga, nikakata tiketi. Magari yanaingia, watu wanaingia, mama mmoja mbele yangu ana kuku wawili kwenye kapu, na miguu yangu imegoma. Ndani likaja neno, wazi kuliko sauti yangu hii: usipande. Moyo unadunda, viganja vimelowa mpaka ile tiketi imelegea kama karatasi ya maandazi. Nikasema huyu ni Roho Mtakatifu. Nikageuza. Nilipofika barabarani amani ikanijaa, nikaimba hata pambio.

Kivuko kilifika salama, kikarudi salama. Hilo halikunisumbua, nilisema Mungu anajua alichoniepusha. Kilichonisumbua ni kilichofuata. Juma la pili neno lilelile likanikuta kituoni Buzuruga: daladala hii usipande. Nikangoja nyingine. Ikaja. Na hii usipande. Nikangoja. Kufika mwisho wa mwezi nilikuwa natembea kwa miguu kwenda kazini, nikiulizwa nasema daktari kaniambia nipunguze sukari. (Kicheko.) Mnacheka, lakini nilikuwa naongopa, na bado nadai naongozwa na Roho.

Sasa tazameni ile amani. Sisi walokole tuna kipimo chetu tunachokipenda: "Nimeomba, nina amani." Ni kipimo cha Maandiko, Wafilipi sura ya nne, amani ya Mungu ipitayo akili zote. Lakini mimi niliyoipata pale barabarani ilikuwa nafuu. Ukimkimbia mbwa ukafunga geti, utasikia raha kifuani, na raha hiyo haikuambii kama mbwa alikuwa mkali au alikuwa amefungwa. Siku ya kwanza amani na nafuu vinafanana kama mapacha. Vingoje wiki. Nafuu inarudi kudai tena, na safari hii inadai zaidi. Niliitii ile sauti kivukoni, ikahamia kwenye daladala. Ningeitii kwenye daladala mpaka mwisho, ingehamia mlangoni kwangu. Mungu ninayemjua mimi akikuambia jambo ukalifanya, jambo limefanyika. Hofu ukiijibu inauliza tena. Mkisahau yote ya leo, hili mnisaidie kulikumbuka, kwa sababu mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Najua mtu ameshanyanyua mkono moyoni: na wale wa meli ya MV Bukoba iliyozama je? Tarehe 21 Mei 1996. Kila ukoo wa ukanda huu, kuanzia Bukoba mpaka huku kwetu, una shangazi aliyeota ndoto, una mjomba aliyesikia mzigo moyoni akashuka. Siwanyang'anyi ushuhuda wao. Ila mimi niliyekaa na waliobaki nawaomba tuwe na adabu tunapousimulia. Pale Igoma makaburini wamelala watu waliosali asubuhi ile. Ukisimama madhabahuni ukasema Mungu aliniambia nisipande kwa kuwa nilikuwa karibu naye, mjane aliyekaa benchi la tatu amesikia jambo lingine kabisa.

Halafu tujiulize, ni watu wangapi kwa miaka yote wameota meli inazama, wakabaki nyumbani, na meli ikafika salama na ndizi zake? Hao hawaji mbele kushuhudia. Hakuna cha kushuhudia. Kwa hiyo tunazisikia ndoto zilizolenga tu, tunadhani ndoto zote hulenga.

Na sasa niwape kitu kigumu zaidi. MV Bukoba ilijengwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. MV Nyerere kiwango chake kilikuwa watu 101, tukazika zaidi ya 220. Mtu aliyesimama gatini akaona watu wamejazana, mizigo imepandiana, akasema mimi hapana, huyo hakuhitaji ndoto. Mungu alishamsemesha siku alipompa macho. Hilo mimi naliita onyo lenye macho: linakuonyesha kidole, tazama mzigo ule, tazama wingu lile. Kule Kamanga siku yangu mimi hapakuwa na kidole. Kivuko kilikuwa na nafasi, ziwa limetulia, boti za uvuvi zinapita. Ningeulizwa "unaogopa nini hasa?" nisingekuwa na jibu zaidi ya "nasikia tu."

Someni Matendo 27. Paulo anawaambia mabaharia safari hii itakuwa na madhara. Luka anatuwekea sababu palepale: siku za kufunga zilikuwa zimekwisha kupita, maana yake msimu wa kusafiri umeisha, pepo zimebadilika. Na Paulo alikuwa amekwisha kuvunjikiwa jahazi mara tatu, anasema mwenyewe katika Wakorintho wa pili. Lile lilikuwa onyo la mtu wa Mungu na pia la mtu anayeijua bahari, na sioni kwa nini tuvitenganishe. Wavuvi wetu wa dagaa wanajua hilo vizuri. Halafu tazama mwenendo wake: walipomkatalia hakupiga kelele, alipanda nao, na dhoruba ilipokuja yeye ndiye aliyewashikia mkate wakala. Hofu ingekuwa imemfunga mdomo.

Tumechoka? Bado kidogo. (Endelea, mama.)

Wodini nilijifunza kuuliza maswali mawili kabla ya yote: umelala saa ngapi, umekula nini. Nilidhani ni ya kitabibu tu mpaka nilipoisoma tena habari ya Eliya. Amemkimbia Yezebeli, amelala chini ya mretemu anaomba afe. Malaika anamwambia nini? Inuka, ule. Mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Upepo, tetemeko, moto, na ile sauti ndogo ya utulivu, vyote vimekuja baada ya usingizi na chakula. Kwa hiyo wewe uliyefunga siku ya tano, hujalala siku tatu kwa mkesha, na saa tisa usiku unasikia sauti inakuambia uvunje ndoa yako, tafadhali kunywa uji kwanza. (Kicheko, makofi.) Na kuna wanaosema kila ukishtuka saa tisa usiku Mungu anakuita. Mimi kwa umri wangu nikishtuka saa tisa naenda chooni. Akiniita, ananikuta huko njiani.

Niseme sasa la dada mmoja. Amenipa ruhusa, ila jina halitatajwa na msilitafute. Anauza dagaa kama mimi. Siku moja akiwa kwenye ibada liliingia kichwani tusi juu ya Roho Mtakatifu. Hakulitafuta, liliingia bila hodi, likamchukiza mpaka tumbo likauma. Akakumbuka ile aya ya dhambi isiyosamehewa. Akatubu. Baada ya saa moja akajiuliza: nilitubu kwa moyo kweli? Akatubu tena. Ikawa mara ishirini kwa siku, mara hamsini. Sokoni akimrudishia mteja chenji anamkimbilia mpaka barabarani, huenda amemdhulumu. Akaenda kwa mtumishi mmoja, akapewa kufunga siku saba. Alirudi amekonda, na sauti imeongezeka. Akaambiwa imani yake ni ndogo.

Ndugu zangu, ule ni ugonjwa, na una tiba. Unavyofanya kazi ni hivi: wazo linakuja, mtu anaogopa, anafanya kitu ili atulie, kuungama au kuomba upya au kumuuliza mchungaji. Anatulia dakika kumi. Ubongo unajifunza kwamba kumbe hatari ilikuwa ya kweli, ndiyo maana tulijitetea. Kesho unapiga kengele kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana kumwambia mtu wa namna hiyo "umesamehewa, usiogope" mara mia ni kumwongezea. Hospitali wana dawa, na wana mazoezi ya kumfundisha mtu kukaa na swali bila kulijibu, mpaka lichoke lenyewe.

Wala si mambo ya waliopoa kiroho. Martin Luther alipokuwa mtawa alikuwa anaungama kwa saa nyingi, akitoka anakumbuka kadhambi kengine anarudi, mpaka padri wake Staupitz akachoka naye. Na yule Ignasio wa Loyola, askari aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, mwaka 1522, baada ya kuponyeshwa mguu uliovunjwa na mzinga, aliungama yaleyale ya zamani mpaka akajaribiwa kujitupa shimoni afe. Alitokaje? Aliamua kutoyaungama tena ya zamani. Hebu lifikirini hilo. Kuungama ni jambo takatifu, lakini alipoona linakompeleka, aliacha. Baadaye aliandika kwamba kwa mtu anayemwendea Mungu, roho njema huingia kama tone la maji kwenye sponji, na ile mbaya kama maji yanayoanguka juu ya jiwe. Yaani usikimbilie kuuliza imesema nini, sikiliza kwanza imeingiaje.

Ila tusije tukaenda upande wa pili tukasema kila kinachotuchoma ni wasiwasi. Wapo watakaotoka hapa wamefurahi: kumbe ile dhamiri ilikuwa homoni! Hapana.

Nilipoanza biashara nilinunua vyombo vya mtu aliyekuwa anaacha. Kulikuwa na sado tatu za kupimia. Moja nilipoingiza mkono nikakuta kitako kimegongwa kwa ndani, kimeinuka kama kifundo cha mguu. Wafanyabiashara mnaijua. (Kicheko, "tunaijua!") Ukiipima juu imejaa, mteja anaondoka amepungukiwa konzi nzima. Niliitumia siku mbili. Siku ya tatu, nimeishika, mteja amefungua mfuko wake wa plastiki, likaja moyoni neno moja tu: hiyo. Hapakuwa na mapigo ya moyo, hapakuwa na jasho, wala hapakuwa na "wewe ni mwizi, umekwisha, Mungu amekuacha." Hiyo. Nikaiweka chini, nikachukua nyingine. Jioni nikaigonga kwa jiwe kikarudi kitako chake. Mpaka leo sijasikia tena lolote juu ya ile sado.

Paulo anasema kuna huzuni kwa jinsi ya Mungu iletayo toba isiyo na majuto. Mimi yangu ilikuwa na ukubwa wa konzi ya dagaa, lakini umbo ni hilohilo. Iligusa kitu kimoja, ikanipa la kufanya, nilipolifanya ikanyamaza. Yule dada naye alikuwa anazungumzia chenji, alikuwa anazungumzia dhambi, maneno matakatifu yote, na hakuna alichofanya kikatosha.

Mnajua dagaa wanavuliwaje. Usiku wa giza, taa juu ya maji, wanaifuata. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, maana taa haionekani kitu. Dagaa haulizi taa ni ya nani. Yohana anatuambia tuulize: zijaribuni hizo roho. Na kuzijaribu kunataka muda. Anayekuambia amua sasa hivi, usimwambie mtu, ukichelewa umepotea, huyo ana haraka kuliko Mungu aliyemwita Samweli mara tatu mtoto hajaelewa, akamwita ya nne.

Mimi nilirudi Kamanga. Ilinichukua miezi minne. Sikungoja hofu iondoke, nilipanda nayo, ikakaa pembeni yangu, viganja vimelowa vilevile. Katikati ya maji nikagundua nimekuwa nikimtazama mtoto anayekula muwa mbele yangu, kwa dakika kadhaa. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na watu wananiuliza kwa nini bado napanda kivuko. Nawaambia napenda upepo.

Yule dada anaendelea na kliniki. Juzi alikuja kwenye kichanja changu akaniuliza, kama alivyozoea: "Mama, unadhani Mungu alinisamehe kweli lile?" Zamani ningefungua Warumi nane hapohapo. Safari hii sikumjibu. Nikamwambia, "Mwanangu, swali hilo leo tuliache tu likae." Akanitazama, macho yamejaa. Akaangalia chini. Kisha akaangalia juu, upande wa Ukerewe, akasema, "Ngoja nikaanue dagaa zangu, mvua hiyo inakuja."