Tatizo si bando, ni ukuta: mhadhara kuhusu wifi katika nyumba za Mji Mkongwe

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nimeombwa nizungumze habari ya wifi, na nimeambiwa nisizidishe nusu saa kwa kuwa umeme wenyewe hauna dhamana. Nitajitahidi.

Kwanza naomba mnyanyue mikono. Nani hapa ana faiba nyumbani, analipa kila mwezi, na bado akitaka kuzungumza na mwanawe aliyeko Maskati kwa video lazima ashuke chini akae kando ya ruta? Naam. Naona hata wenye nyumba za wageni wamenyanyua.

Nyumba zetu hizi ni za jiwe la matumbawe na chokaa. Ukuta mmoja ni karibu nusu mita, na mwengine unazidi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo kutoka sebuleni mpaka chumba cha nyuma unakutana na kuta nyingi katika hatua chache. Tena jiwe lenyewe lina vitundu, linanyonya maji. Mawimbi ya wifi yakikutana na maji hufyonzwa, ndiyo maana baadhi yenu masika mnalalamika zaidi. Kwenye boksi la ruta wameandika inafika mita kadhaa. Aliyeandika hakuwahi kulala mtaani kwetu Kiponda.

Nitawaeleza ya nyumbani kwa mama yangu, maana pale ndipo nilipopoteza pesa. Fundi wa faiba alikuja, akapitisha waya mlango wa mbele, akaona msumari, akatundika kiboksi cha faiba na ruta kando yake, akaenda zake. Ruta ikabaki pembeni kabisa mwa nyumba, nusu ya mawimbi yanawahudumia wapita njia. Mimi nikakimbilia dukani nikanunua ripita, kile kidude kinachopokea wifi na kuirusha tena. Nikaichomeka juu, chumbani kwa mama, pale pale ambapo wifi haifiki. Jamani, kama haifiki, ripita itarudia nini? Na hata ukiiweka katikati, ripita ya bei ndogo inasikiliza na kusema kwa redio hiyo hiyo moja, kwa hiyo kila neno linasemwa mara mbili hewani na kasi inakatika kama nusu.

Nikarudi dukani. Safari hii nikachukua ruta ya antena nane, imekaa kama kaa aliyepinduliwa. Simu ya mama ikaonyesha alama zote zimejaa, nikafurahi. Akapiga simu ya video, picha ikaganda. Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja: ruta inapaza sauti, lakini simu inanong'ona. Wewe unamsikia muadhini kutoka mbali. Yeye hakusikii wewe. Mazungumzo ya wifi ni ya pande mbili, na hakuna ruta itakayoipa simu yako koo jipya.

Bi mkubwa pale nyuma anauliza: akilipia bando kubwa zaidi je? Bibi, usitoe pesa kwanza. Simama na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta, upime kasi. Kisha nenda chumbani upime tena. Kama chini unapata megabiti 40 kwa sekunde na chumbani 2, bando halina kosa. Ukilipia 80, chumbani utabaki na zako 2.

Sasa tufike kwenye kupanga. Chukua karatasi, chora nyumba ghorofa kwa ghorofa: kuta, milango, ngazi, ua, tangi la maji, kioo kikubwa, kabati la chuma, friji. Kioo usikidharau, nyuma yake mna madini yanayorudisha mawimbi. Halafu pakua programu ya bure ya kupimia wifi, utembee chumba hadi chumba ukiandika namba. Namba hizo ni za hasi, kwa desibeli. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67, simu ya video bado inakwenda. Ikifika hasi 80 utaona jina la mtandao na hutapata kitu. Msidhani tofauti ni ndogo: kila ukishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kati ya 50 na 80 umebakiwa na moja ya elfu.

Nilipomaliza kuichora nyumba ya mama niliona kitu ambacho nilikuwa nakipita kila siku: ua. Pale katikati hapana ukuta, pana hewa tu mpaka juu, na vyumba karibu vyote vina mlango au dirisha la mbao linaloangalia pale. Mbao si kitu kwa wifi. Waliojenga walitaka upepo na mwanga vipite. Na wifi inapita njia hiyo hiyo. Basi kituo cha pili, yaani kifaa chengine cha kurusha wifi, nikakiweka ghorofa ya kwanza, kwenye varanda inayozunguka ua, chini ya paa kisilowe. Chumba cha mama kilikuwa hasi 82, kikawa hasi 58.

Kituo hicho kinafikiwa kwa waya. Hapa vijana hunicheka, wanasema tunataka wayalesi wewe unatuletea waya. Lakini wayalesi nzuri huanzia kwenye waya! Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e au Cat6 inabeba gigabiti moja kwa sekunde, yaani megabiti 1000, mpaka mita 100, na ukuta hauijui. Kiboksi cha faiba usikihamishe mwenyewe, uzi wake ni kioo na haupendi kukunjwa. Kiache kilipo, toa kebo kwenye ruta, ipandishe pembeni mwa ua. Iwe ya ganda jeusi la kuhimili jua, na isilale sambamba na waya wa umeme. Ziachanishe kama futi moja.

Kununua kebo, macho. Madukani imejaa ya alumini iliyopakwa shaba, nyepesi na rahisi, na hukatika ukiikunja mara mbili tatu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ndani ukiona weupe, irudishe. Na ncha zote mbili zipange rangi za nyuzi kwa mpangilio mmoja. Jozi moja ya nyuzi isiposhika, huenda usione kosa lolote. Utapata tu megabiti 100 badala ya 1000, ukae miaka unamlaumu mwenye faiba.

Kituo cha pili chenyewe si lazima kiwe kipya. Mimi nilitumia ruta ya zamani iliyokuwa kabatini. Ingia kwenye mipangilio yake, uipe anwani nyengine, ile namba yake ya mtandao, isigongane na ya ruta kubwa, zima kazi ya kugawa anwani (DHCP), maana mgawaji awe mmoja tu ndani ya nyumba. Kebo uichomeke kwenye tundu lililoandikwa LAN, si lile la WAN. Jina na neno la siri viwe vile vile, simu ihame yenyewe ukipanda ngazi. Chaneli, yaani njia za hewani za vituo viwili hivyo, ziwe tofauti: kwa masafa ya gigahezi 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11, hizo hazipandani. Kwenye vichochoro vyetu utaona mitandao ishirini ya majirani imelundikana hapo, kwa hiyo simu zinazokubali ziache kwenye gigahezi 5. Hiyo haipendi kuta, ila sasa tuna ua.

Umeme, kwa kifupi: kuna betri ndogo za ruta, soma volti kwanza, 9 na 12 si sawa. Kumbuka kiboksi cha faiba nacho kinataka betri. Na waya wa shaba usiupitishe juu ya paa kwenda nyumba ya pili. Radi ikipiga jirani itakuletea salamu.

Jambo la mwisho ni tundu. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kabla ya kutoboa ukuta wa nje, wapitieni Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ndani, fuateni njia za waya zilizokwishapo. Mkilazimika kutoboa, zibeni kwa chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani ya jiwe, na baada ya muda lipu inaanza kumeguka.

Hapa mezani nina vipande viwili vya kebo na kisu, kimoja shaba tupu na kimoja kimepakwa. Sikusema kipi ni kipi. Anayetaka aje akwangue.